Blanketi la Mfalme wa Shamu

Kwa miaka kumi na moja, kila mfalme mbaya wa Biblia pale kanisani Bertrams, Johannesburg, alikuwa na kitambi cha Papa Jacques. Si kwamba alijua sana kuigiza. Siri ilikuwa cherehani. Papa Jacques alikuwa fundi nguo, majoho yote ya kifalme alishona yeye, na kwa muujiza ambao hakuna aliyethubutu kuuhoji, kila joho lilimkaa yeye peke yake. Ukitaka Farao, chukua Farao mwenye kitambi. Ukitaka Nebukadneza aliyelaaniwa akala majani kama ng'ombe, utampata, ila watu wote watajua kwamba kabla ya majani alipitia sahani mbili za fufu.

Donda lake lilikuwa moja tu: hajawahi kufa. Farao alizama nyuma ya pazia, mtu akimwaga maji kwenye beseni. Herode alitakiwa aliwe na funza, lakini mchungaji akasema funza kabla ya sadaka ni hasara kwa ufalme wa Mungu. Belshaza naye aliuawa kwa mdomo wa msimulizi, wakati mwenyewe Papa Jacques yuko chooni anahangaika na vifungo.

Basi siku Pacifique, kiongozi wa vijana na mtunzi wa michezo yote, alipoleta habari za Ben-hadadi mfalme wa Shamu, Papa Jacques alisikiliza kwa upole wa mtu aliyezoea kuangushwa.

"Mfalme anaumwa, yuko kitandani," Pacifique alieleza. "Anamtuma mtumishi wake, Hazaeli, aende kwa nabii Elisha na ngamia arobaini wa zawadi, akaulize kama atapona. Nabii anajibu, mwambie atapona, ila mimi nimeonyeshwa kwamba atakufa. Hazaeli anarudi, anampa ile nusu tamu ya jibu. Kesho yake anachukua blanketi, analichovya majini, anamfunika nalo mfalme uso mpaka roho inatoka. Halafu anakalia kiti chake."

"Mfalme anafia wapi?"

"Kitandani, Papa."

"Na kitanda kiko wapi?"

"Katikati ya jukwaa."

Papa Jacques alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Yesu ni mwema," akasema.

Wa kumuua alimchagua mwenyewe. Aliwapanga vijana mstari, akawakagua viganja kama anayenunua viazi, akasimama mbele ya Exaucé.

Exaucé alikuwa na miaka ishirini na saba, mlinzi wa geti kwenye mtaa mmoja wa matajiri kule Midrand, na umeme ukikatika, boriti ya geti aliinyanyua kwa mikono. Kwenye tamthilia za kanisa alikuwa hajawahi kupandishwa cheo kuwa binadamu. Alianza kama kondoo, akawa punda wa Balaamu, na mwaka uliopita alikuwa mkia wa samaki wa Yona. Kichwa cha samaki walipewa wenye mama na baba.

Lakini aliendelea kuja, mvua, jua na baridi, kwa sababu moja ambayo kanisa zima liliijua isipokuwa, labda, Mungu: Arlène, binti mkubwa wa Papa Jacques, msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Miaka miwili walikuwa wanapendana na kungoja Papa Jacques awe katika hali nzuri. Na sasa Papa Jacques amemshika kiganja, amekikandamiza, na anatabasamu.

"Hiki ndicho. Hiki kinaua," alisema. "Sikiliza, kijana. Ukiniua vizuri, uje nyumbani tuongee ile mambo yako. Mimi si kipofu."

Mashahidi walikuwa kumi na wanne. Exaucé alirudi La Rochelle, mtaa aliokaa, akitembea kama mtu aliyemeza taa.

Chumba cha La Rochelle alikipanga pamoja na Suhaib, mtu wa Tanga, muuza makava ya simu, kijana wa Kiislamu aliyeijua Biblia ya watu kuliko wenye nayo kwa sababu alishinda akitazama video za mawe na makaburi ya kale. Kwake kila simu iliyokuja kuvishwa kava jipya ilikuwa nafasi ya kumfundisha mteja habari za Babeli.

"Hazaeli!" Suhaib alikaa kitako kitandani. "Wamekupa Hazaeli? Ndugu yangu, huyo ni mtu wa kweli kabisa huyo. Jina lake limechimbuliwa. Wafalme wa Ashuru walimwandika kwenye mawe yao, unajua walimwitaje? Mwana wa asiye mtu."

"Maana yake?"

"Maana yake hana ukoo wa kutajwa. Hana mjomba, hana shangazi, katokea tu kama uyoga, kesho yake mfalme. Kumbe walikuwa wanakusema wewe."

"Eish, Suhaib."

"Si uongo! Wewe una nani hapa Joburg? Una mimi na lile jiko la umeme, na jiko lenyewe tunagawana."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Exaucé aliletwa kutoka Fizi, Kongo, akiwa na miaka mitano, mgongoni kwa mama, na mama alizikwa Johannesburg hiihii akimwacha bila hata binamu wa kuazima. Kwa akina Arlène, posa haipelekwi na mposaji. Inapelekwa na watu wake. Sasa yeye watu wake ni nani?

Jibu lilibidi lipatikane haraka kuliko alivyopanga. Alhamisi Arlène alimpigia simu.

"Tantine Orpha amefika kutoka Cape Town."

Tantine Orpha alikuwa dada mkubwa wa Papa Jacques, na bila yeye hakuna binti wa ukoo ule aliyewahi kuolewa, kuzaa wala kubadilisha mtindo wa nywele. Alikuja mara moja kwa mwaka, kama ukaguzi.

"Anarudi Jumatatu," Arlène akaendelea. "Usipoleta posa Jumamosi hii, tunangoja mwaka mwingine. Mimi mwaka mwingine singoji, nakwambia mapema."

"Jumamosi posa, Jumapili mchezo," Exaucé akahesabu. "Sharp. Yote wikendi moja."

Hapo ndipo alipojichimbia shimo, na alichimba akipiga mluzi. Mtu aliyekulia Fizi angejishika kichwa. Lakini Exaucé alikulia kati ya mataa ya barabarani ya Rosettenville, na neno bukwe, ile heshima kali ya wakwe, kwake lilikuwa neno tu la wimbo wa harusi.

Jumamosi saa nne asubuhi, ujumbe wa Exaucé ulibisha mlango wa Papa Jacques. Ulikuwa na watu wawili. Wa kwanza Suhaib, kanzu imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Wa pili mzee Khatibu, Mzanzibari muuza viungo wa ghorofa ya chini, aliyekubali kuwa baba mdogo kwa siku moja na kwa sharti la kutoulizwa maswali kwa Kifaransa. Nyuma yao Exaucé, amebeba kreti ya soda na kitenge kipya, macho chini.

Tantine Orpha aliwatazama kofia zao za viua za Kiislamu, kisha akamtazama ndugu yake. "Jacques, hawa watu wa Exaucé wametokea kijiji gani cha Fizi?"

"Tanga, mama," Suhaib akadakia. "Ukivuka ziwa, ni kata tu mkono wa kulia."

Mtu akacheka jikoni. Tantine hakucheka. "Mimi ninauliza watu wake. Huyu kijana ni mwana wa nani?"

Exaucé alitokwa jasho, na ilikuwa Julai, katikati ya majira ya baridi ya Joburg. Suhaib akasimama, akakunja mikono ya kanzu.

"Mama yangu, swali zuri. Huyu ni mwana wa mama yake, Mungu amrehemu, aliyembeba mgongoni kutoka Fizi mpaka hapa bila kumwangusha hata mara moja. Ukoo aliobaki nao ndio huu unaouona, mbovu mbovu hivi. Mimi nalala naye chumba kimoja miaka minne. Hanywi, hapigi, akipika chumvi anazidisha. Binti yenu atamrekebisha. Kama mnataka mtu mwenye wajomba thelathini tutawatafutia, lakini mkumbuke wajomba thelathini wanakula."

Mzee Khatibu akaitikia, "Wanakula sana."

Hapo Tantine Orpha alicheka, kidogo, kwa pua. Mama Marthe, mama yake Arlène, akaitwa. Arlène akaitwa, akaulizwa mara tatu kama anawajua watu hawa, na mara zote tatu akajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Kreti ikapokelewa. Kitenge kikakunjuliwa, kikakunjwa. Vigelegele vikapigwa mpaka jirani akagonga ukuta.

Tantine Orpha akanyanyua kidole, nyumba ikanyamaza.

"Bon. Toka saa hii huyu si kijana tena, ni mkwe. Wewe umekulia hapa, huenda hawakukufundisha, ninakufundisha mimi. Baba mkwe humgusi. Humwangalii akikula. Hukai kwenye kiti chake. Hamuongei ana kwa ana mpaka siku ya ndoa, kukiwa na neno linapita kwa mtu. Na juu ya yote..." hapa sauti ikashuka, "...baba mkwe humkuti amelala. Kitanda chake hukisogelei. Kwetu, mkwe akisimama kando ya kitanda cha baba mkwe, hiyo ni laana, na posa inarudishwa saa hiyohiyo."

Kisha vichwa vyote sebuleni, kimoja baada ya kingine kama alizeti, vikageukia dirishani. Nje kwenye kamba, limebanwa kwa vibanio sita, lilining'inia blanketi la kijivu ambalo kesho yake saa nane mchana mkwe alitakiwa alichovye majini, amwendee baba mkwe kitandani, na amzibe nalo pumzi mbele ya watu mia mbili.

Papa Jacques alifungua mdomo amwambie Exaucé kitu, akakumbuka, akaufunga. Akainuka, akaingia chumbani. Sauti yake ikatokea nyuma ya mlango.

"Arlène! Mwambie mkwe huo ni mchezo tu wa kanisa!"

"Papa anasema..."

"Nimesikia," akasema Exaucé.

"Mwambie Jacques," Tantine Orpha naye akaunguruma, "kwamba mwili ni mmoja, kanisani na nyumbani! Mtu hawezi kuwa mkwe na muuaji wikendi moja! Achague!"

"Pacifique atafute muuaji mwingine," Mama Marthe alipendekeza.

"Nani?" sauti ikalia nyuma ya mlango. "Ule mwenye mikono kama tambi? Nimengoja miaka kumi na moja! Nimefanya mazoezi ya mguu wa kushoto!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Exaucé aliondoka na uchumba wa nusu saa. Arlène alimsindikiza mpaka getini.

"Papa anasema usipomuua vizuri, ahadi yake imekufa badala yake."

"Na Tantine anasema nikimuua, posa inarudi. Wewe unasemaje?"

Arlène alimtengeneza kola. "Mimi nasema ufikiri. Kwani huko getini Midrand wanakulipa ufanye nini siku nzima?"

Alifikiri. Kufikia Jumapili asubuhi alikuwa amefikiri mpaka amekosea kuvaa viatu. Suhaib alimkuta ameketi na chai iliyopoa, mguu mmoja raba mwingine ndara.

"Kuna namna," alisema Exaucé. "Lazima mfalme afe. Lazima nisimguse. Lazima nisikisogelee kitanda. Hazaeli angekuwa na kanuni kama hizo angemuuaje?"

"Nani kasema alimuua?"

"Biblia, Suhaib! Una wazimu?"

"Sikiliza basi, punda mstaafu." Suhaib akavuta kiti. "Kuna jiwe. Walilikuta kaskazini ya Israeli, Tel Dani, miaka ya tisini, limevunjikavunjika, watu wa kale walishalitumia kujengea ukuta kama tofali tu. Limeandikwa Kiaramu, mfalme wa Shamu anajisifu: nimeua wafalme, nimevunja magari, mfalme wa Israeli nimemuua mimi, na wa nyumba ya Daudi nimemuua mimi. Na Biblia yenu inasema hao aliwaua Yehu. Yaani goli moja, washambuliaji wawili wanavua jezi."

"Na huyo mfalme ni Hazaeli?"

"Jina lake limemeguka pamoja na kipande. Lakini wataalamu wengi wanasema kwa mambo anayoyasimulia, ni yeye tu. Sasa utamu uko hapa. Anamtaja mfalme aliyemtangulia. Unajua anamwitaje? Baba yangu. Na unajua alikufaje, kwa mujibu wa jiwe? Alilala. Alilala, akaenda zake kwa wazee wake. Basi. Kisha mungu wao akampa yeye ufalme."

Exaucé aliiweka chai chini. "Blanketi halipo?"

"Halipo hata uzi."

"Labda ni uongo."

"Uongo mtupu, sana sana! Muuaji gani anachonga jiwe kuwa ameua? Lakini kaka, ni uongo wa miaka elfu mbili na mia nane. Uongo ukifika umri huo unaitwa historia."

Kanisa zamani lilikuwa karakana ya kunyoosha magari yaliyogongwa, na mpaka leo ukiimba sana harufu ya rangi inatoka ukutani. Saa nane lilikuwa limejaa mpaka milangoni. Tantine Orpha alikaa safu ya mbele kabisa, katikati, amekumbatia mkoba mapajani, na kila mtu alijua kilichokuwa ndani ya mkoba ule: kitenge cha posa, kimekunjwa tayari kwa safari ya kurudi. Habari zilikuwa zimeshaenea Bertrams nzima. Nusu ya watu waliokuja hawakuja kumwona Ben-hadadi. Walikuja kuona posa ikivunjika hadharani.

Mchezo ulianza vizuri. Ngamia arobaini waliingia wakiwa troli mbili za supamaketi zenye vichwa vya kadibodi, gurudumu moja likipiga kelele kwa uchungu wa jangwa. Pacifique, ambaye alijipa unabii mwenyewe, alilia machozi ya Elisha akamwonyesha Hazaeli mabaya yote atakayoyatenda. Exaucé akajibu mstari wake, kwamba mtumwa wako ni nani, mbwa tu, hata atende makuu hayo, na aliusema kwa moyo, kwa sababu katika kanisa hilo alikuwa ameshaigiza karibu kila mnyama mwingine.

Pazia likafunguka tena. Katikati ya jukwaa, kitanda. Juu ya kitanda, Papa Jacques ndani ya joho la zambarau, taji kichwani, kitambi kikipanda na kushuka kama mtumbwi. Pembeni, ndoo. Ndani ya ndoo, blanketi.

"Hazaeli, mtumishi wangu!" mfalme akaugua. Kwenye mchezo aliruhusiwa kuongea naye, au angalau hakuna aliyewahi kuweka sheria. "Nabii amesemaje? Je, nitapona?"

"Kupona utapona, bwana wangu," alijibu Exaucé kutoka mbali.

"Aha! Basi nijilaze." Mfalme akafumba macho, akalegeza shingo, akaweka mikono sawasawa. Alikuwa tayari. Hajawahi kuwa tayari namna ile maishani.

Exaucé alilitoa blanketi. Maji yakachuruzika. Akapiga hatua moja. Safu ya mbele, zipu ya mkoba ikalia: zzzip.

Akasimama.

Alijaribu kulitundika blanketi kwenye fimbo ya Elisha, alisukume kwa mbali kama mtu anayeangua embe. Zipu ikalia tena, ndefu zaidi. Akairudisha fimbo.

"Njoo," mfalme alinong'ona, jicho moja limefumbuka.

"Siwezi, Papa."

"Niue, mujinga! Watu wanangoja!"

Exaucé alimwona Arlène mlangoni pa vyumba vya nyuma, na beseni kiunoni, maana aliigiza kijakazi wa mfalme. Alikuwa anamtazama kwa macho yaleyale ya getini. Fikiri.

Basi aligeuka. Alikipa kisogo kitanda, akawakabili watu mia mbili, blanketi likimlowesha suruali, na kwa ile sauti aliyowasimamisha nayo madereva wakaidi wa Midrand, akatangaza:

"Enyi watu wa Shamu! Mimi ni Hazaeli, mwana wa asiye mtu! Sina mjomba, sina ukoo, jina langu mtalikuta limemeguka juu ya jiwe! Watakuja watu watasema nilimuua mfalme huyu. Siku hiyo someni jiwe langu! Maana mimi mfalme huyu simwiti bwana. Namwita baba!"

Mtu nyuma akasema, "Ayi!"

"Na baba yangu sikumgusa! Kitanda chake sikukisogelea! Baba yangu... alilala mwenyewe... akaenda kwa wazee wake!"

Akaliweka blanketi chini, polepole, hatua nne kutoka kitandani. Pacifique, nyuma ya ngamia, alijipiga kofi la uso kwa mikono miwili.

Hapo pangeweza kuwa mwisho. Tatizo ni kwamba mfalme hakukubali.

"Sijaenda mahali!" Papa Jacques aliketi, taji limepinda. "Mimi nilale tu? Kama kuku wa mdondo? Miaka kumi na moja, halafu nilale!"

Kicheko kikalipuka mpaka mabati yakalia. Papa Jacques alimtazama Exaucé. Exaucé hakugeuka, maana baba mkwe alikuwa kitandani na mkwe haangalii. Alibaki amewakabili watu, shingo ngumu, masikio yakimwaka, mikono mitupu imeinuliwa ionekane. Na Papa Jacques, mfalme aliyenyimwa kifo miaka yote, akaelewa kwamba kijana huyu hataguswa na hatagusa hata jengo lishike moto.

Akashuka kitandani. Akazifuata zile hatua nne kwa miguu mitupu. Akaliokota blanketi, akarudi, akalala, akasema kwa sauti ya kutikisa ngamia, "Shamu, kwaheri!" na akajitandika blanketi usoni mwenyewe.

Kilichofuata Bertrams haijakisahau. Alirusha mguu wa kulia. Akarusha wa kushoto, ule wa mazoezi. Mkono ulitoka kando ya blanketi, ukatafuta taji hewani, ukalikosa, ukatetemeka, ukaanguka. Watu wakapiga makofi. Mkono ukainuka tena. Alikufa dakika nne kamili, kisha, kwa kuwa makofi yalizidi, akafa dakika mbili nyingine. Mchungaji alipanda akatangaza sadaka, na wakati vikapu vinazunguka Ben-hadadi alikuwa bado anatoa roho ya mwisho mwisho.

Mchungaji alikasirika, huo ndio ukweli. Alimwambia Exaucé kwamba amemtakasa muuaji na kumfanya mfalme ajiue katika nyumba ya Bwana, na kwamba mwakani atakuwa mti. Exaucé hakusikia vizuri. Alikuwa anautazama mkoba.

Tantine Orpha alikuja taratibu, watu wakimpisha. Alifungua zipu. Alitoa kitenge. Alikikunjua chote, akaupima mwili wa Exaucé kwa macho, kisha akajifunga mwenyewe kiunoni.

"Hakugusa," aliwaambia watu. "Niliangalia. Hata alipoombwa na mwenyewe, hakugusa. Nina wakwe wanne waliozaliwa Fizi, hakuna mmoja angeweza." Akamgeukia Suhaib, aliyekuwa amejibanza na kofia yake kati ya wanakwaya. "Na wewe, baba wa Tanga. Hilo jiwe mnaliuza wapi?"

Ingekuwa hadithi ya watu wenye bahati, ingeishia hapo. Lakini blanketi lilikuwa la Julai, maji yalikuwa ya bomba, na dakika sita ni nyingi. Tantine aliporudi Cape Town Jumatatu, Papa Jacques alikuwa anapiga chafya zilizosimamisha cherehani. Jumanne asubuhi homa ikampanda, akalala kweli.

Exaucé alifika kabla ya zamu na machungwa. Mama Marthe alikuwa ameenda kununua dawa. Arlène alikuwa sebuleni na mteja mwenye kichwa kilichosukwa nusu, vidole vimejaa nywele.

"Kitambaa chake kimekauka," alisema. "Kuna beseni pale. Lowesha, kamua, apoze uso."

"Mimi?"

"Mimi nina kichwa cha mtu mkononi!"

Exaucé akachukua kitambaa, akakichovya majini, akakikamua. Akauendea mlango wa chumba kinyumenyume, kisogo mbele, akapenyeza mkono kwenye upenyo mpaka begani na uso ameuelekeza kwa yule mteja, ambaye alianza kukemea mapepo.

Ndani, kitanda kililalamika. Vidole vya moto vikakitwaa kitambaa kwa ncha, kwa adabu kubwa, bila kugusana. Kisha sauti iliyoziba, ya mfalme mgonjwa:

"Arlène. Mwulize mkwe. Je, nitapona?"

Arlène aliuma kitana asicheke.

"Mwambie Papa," alijibu Exaucé, mkono wake bado uko chumbani, "kupona atapona."

Nyumba nzima ilijua jibu lile lina nusu ya pili.

"Arlène," sauti ikasema mwishowe, "mwambie Hazaeli autoe huo mkono polepole. Na beseni aondoke nalo."